Dawa Imeshika

Miaka mitatu nimekaa mbele ya kompyuta nikichora molekuli, na anayedhani kutengeneza dawa ni kazi ya fahari aje anikalie kiti hiki wiki moja tu. Ndani ya seli za ini kuna kimeng'enya kimoja, aina iitwayo kinasi, kazi yake kupeleka amri ndani ya seli, ambacho kikizidisha amri zake ini hujaa mafuta. Kazi yangu ni kubuni kitu kidogo cha kuingia kwenye kijishimo chake na kukiziba. Nimebuni mia mbili na kumi na tatu. Nyingi haziingii. Zinazoingia huziba hata vimeng'enya vingine visivyo na kosa.

Mwezi wa pili ile ya mia mbili na tisa iliingia. Nilikuwa kwa mama, kule Mtopanga, tunakula, mwenzangu Kefa aliponipigia simu kutoka maabara. "Dawa imeshika!" nikapiga kelele, wali mdomoni. Ndivyo tusemavyo kazini. Molekuli ikikamata kimeng'enya, imeshika, na kila molekuli kwetu ni dawa, hata ile isiyoweza kuua mende.

Mama ana ugonjwa huohuo wa mafuta kwenye ini. Aliyasikia maneno yale kama ambavyo ungeyasikia wewe: dawa ipo, na inaponya. Mimi, kwa uchovu wangu, sikumwangalia hata usoni.

Jana asubuhi Kefa alipiga tena. "Mweri, mia mbili na tisa inaua hata seli za ini zenye afya. Tumerudia mara tatu." Nikafunga kompyuta. Nilikuwa nimechoka, hata kulia siwezi. Nikaenda kwa mama nikalale tu.

Nilimkuta kitini, miguu imevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo dawa waileta lini?"

"Dawa gani?"

"Si ile iliyoshika."

Nikamweleza, polepole, kwamba ilishika kimeng'enya ndani ya chupa, haijapewa mtu, na sasa hata hiyo tumeitupa. Nikamwuliza kliniki alikwenda lini, akageukia mlango. Kadi nikaitoa mwenyewe mkobani mwake. Mara ya mwisho ilikuwa Februari. Mwezi wa tano alitakiwa apigwe picha ya ini, na sasa ni Oktoba.

Hasira zikanipanda. "Mama, wewe si mtoto! Hata kama dawa yangu ingekuwepo, si ungeingoja huku waenda kwa daktari? Nani alikwambia uache?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Akavuta leso yake, akaifunika miguu.

"Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, kwamba Mweri wangu amepata dawa ya ini. Watu wakapiga makofi. Na Caroline wa kwaya ndiye aandikaye wagonjwa pale kliniki." Akaikaza leso. "Angeniona kwenye foleni angesemaje? Kwamba hata mamako hakuamini?"

Miezi minane amekaa na ini lake bovu, analinda jina langu, na mimi kila nikija naomba chai na kulala. Maneno yale yalinikata maini. Nikavitafuta viatu vyake chini ya kitanda, nikapiga magoti, nikaanza kumvisha twende kliniki. Havikuingia.