Mzee Masalu Anataka Jina

...jina, anataka jina tu, na jina ninalo, limekaa mbele yangu limevaa sweta ya kijani, Nyamizi, mwandishi wangu wa programu, hajanyanyua macho tangu niweke simu spika, na sauti ya Mzee Masalu, mwenyekiti wa ushirika, inatoka Kishapu imejaa upepo, "Maduhu mwanangu, watu wamefunga maksai tangu alfajiri, pamba imejaa hapa gulioni na mnunuzi hayupo, mfumo wenu ndio uliotuita, sasa niambie ni nani aliyefanya hivi," na kweli umewaita, ujumbe wa majaribio umeingia kwenye simu za wakulima wenyewe, na aliyebonyeza ni Nyamizi, nikimtaja sijadanganya, watasema aondoke, ataondoka, mkataba utabaki, wengine hapa tutaendelea kula... ila Ijumaa alisimama pale mlangoni, shikamoo bosi, naomba niujaribu mfumo tena hadi Jumatatu, nikacheka, nikamwambia wewe mwoga, uweke hewani leo, akasema sawa bosi, sawa, ofisi nzima hii ni sawa bosi, nami nikajiona naheshimika, kumbe ni tangu nilipomfokea Sostenes mbele ya wenzake kwa kuniletea habari mbaya, tangu hapo habari mbaya hazipiti mlango wangu, zinakwenda moja kwa moja Kishapu... zamani mwano ulipopigwa nyumbani, yowe la hatari, ng'ombe wameibwa, baba hakuuliza nani aliacha boma wazi, alichukua fimbo akatangulia peku, mama nyuma na viatu mkononi, boma ni langu, alisema aliporudi, basi, "Maduhu, upo?" nipo Mzee, nasema nipo tu, naogopa, mkataba huu ukienda sina mwingine, na Nyamizi anaviringisha waya wa chaja yake, taratibu, anautia mkobani, anachukua na kikombe chake cha chai, anakifuta kwa kiganja, haniombi kitu, haninung'unikii, ameshajua nitakachosema, na hilo ndilo linalonichoma, kwamba amekaa nami muda wote huu na hana shaka hata kidogo mimi ni mtu wa namna gani... maksai analia huko gulioni, upepo, "Jina, Maduhu, nasubiri jina," kikombe kimeingia mkobani, navuta simu karibu na mdomo, na jina lenyewe mzee ameshalitaja mara tatu.