Udongo wa Mlangoni

Jumamosi asubuhi Chiriku aliteka maji, akaliweka beseni uani, akaketi kwenye kigoda na kuanza kuosha mizizi. Ndivyo alivyoelekezwa na afisa wa ukaguzi wa mimea. Hospitali ya ng'ambo iliyomwajiri kama muuguzi ilikuwa imempa nyumba na ruhusa ya kwenda na mumewe. Mimea yake mitatu ya chunguni ingeweza kwenda pia, mradi ipite ukaguzi.

"Mimea inavuka, udongo hauvuki," alisema yule afisa. "Osha mpaka mizizi ibaki mitupu."

"Hata udongo kidogo tu?"

"Hata punje, dada. Udongo unabeba wadudu, magonjwa na maneno. Wenzetu kule hawataki maneno ya nyumba za watu."

Chiriku aliona ni haki yao.

Jina hilo la Chiriku alipewa na baba yake alipokuwa mdogo, kwa sababu alisema kutwa bila kumeza mate. Kwenye wodi ya watoto alikofanya kazi nako walimwita hivyo hivyo. Yeye na baba yake walikuwa chanda na pete mpaka alipochumbiwa na fundi wa cherehani. Siku ile mzee alisema mbele ya watu kwamba hakumsomesha binti yake aje aishi na mtu anayeshinda akitia viraka nguo za wenzake. Fundi aliinamisha kichwa. Ndoa ikafungwa, na mzee hakuonekana nyumbani kwao. Chiriku alimngoja. Ukaidi wa baba alikuwa ameurithi wote, kwa hiyo naye hakwenda. Mara moja tu alimtuma mumewe akapeleke salamu, mumewe akarudi na kusema mzee hakufungua mlango. Mwaka jana mzee alifariki. Msibani Chiriku alikaa kama mgeni, na shangazi yake alimpa mkono bila kumtazama usoni.

Alianza na mshubiri wa jikoni. Udongo ulipoanza kumeguka na kudondoka majini, ilitoka sauti yake mwenyewe ikilaumu sufuria iliyoungua, kisha ikisimulia habari za mtoto aliyemeza kifungo cha shati la daktari. Redio ikatangaza hali ya hewa ya siku iliyopita zamani. Kila neno lilitoka mara moja, kwa sauti ileile lililosemwa nayo, halafu tope likanyamaza. Mumewe alikuwa akipita na sanduku begani aliposikia chafya yake ya zamani ikitoka kwenye beseni.

"Afya," akajiambia, akaendelea na safari yake.

Chiriku akacheka.

Mwasumini ulikuwa umekaa miaka yote kwenye dirisha la chumba cha kulala, kwa hiyo aliuosha huku amefunika beseni kwa taulo, majirani wasije wakafaidi.

Ukabaki ule wa mlangoni. Ulikuwa mmea mkubwa wa majani mapana yenye madoa, hakuna aliyejua jina lake, nao ulikaa nje kwenye kizingiti tangu walipohamia. Fundi alikuwa ameshasema zaidi ya mara moja kwamba huo uachwe.

"Utatusumbua njiani," alisema tena. "Tutanunua mwingine huko huko."

"Huu ndio wa kwanza kuununua kwa mshahara wangu. Hauachwi."

Fundi aliingia ndani. Punde cherehani ikaanza kulia, ingawa hakukuwa na nguo ya mtu iliyobaki kushonwa.

Chiriku aliung'oa mmea chunguni, akaugonga chini kwa kiganja. Bonge la kwanza likaanguka.

"Hodi," alisema baba yake.

Kikafuata kikohozi chake, kile cha kusafisha koo kabla ya mazungumzo. Mlango ukafunguliwa.

"Ah. Ni wewe, mzee." Hiyo ilikuwa sauti ya fundi.

"Chiriku yupo?"

"Yuko kazini."

"Basi nitamngoja."

"Usimngoje. Amesema hataki kukuona. Na usimfuate hospitali, utamwaibisha mbele ya wenzake."

Tope likadondoka, tone baada ya tone.

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye."

"Haya. Mwambie nilipita."

Mlango ukafungwa. Halafu sauti ya mzee ikaja tena, ya chini na ya karibu, kama ya mtu aliyeinama. "Na wewe hujambo? Majani yako yamenawiri. Mkono wake huo."

Bonge la pili likaanguka. Hodi. Ah, ni wewe, mzee. Bonge la tatu. Hodi. Ilikuwa siku nyingine, mvua ikinyesha, na fundi hakumkaribisha hata akae barazani.

Chiriku aliacha kuosha. Nusu ya udongo ilikuwa bado imeshikilia mizizi. Alimwona nzi akitembea kwenye ukingo wa beseni, akamtazama mpaka akamaliza mzunguko. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Alinidharau mbele za watu. Nilitaka aniombe radhi, basi. Neno moja tu, ningemkaribisha ndani. Hakulisema."

"Na siku ile niliyokutuma kwake?"

"Sikufika. Nilizunguka sokoni nikarudi."

Alilisema hilo kama mwenye duka anayekuambia sukari imekwisha. Chiriku aliinuka. Aliuviringisha mmea kwenye gunia bichi, akaukumbatia, akatoka bila kunawa mikono.

Shangazi, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyebaki katika nyumba ya mzee. Alimkuta akikunja nguo zilizokauka.

"Umekuja kuaga?"

"Nimekuja usikie kitu, shangazi."

Shangazi aliutazama mzigo, akaelewa. Alitandika magazeti sakafuni, akakaa upande mmoja, Chiriku akakaa upande wa pili, wakaanza kuupukutisha udongo uliobaki. Huu ulikuwa wa ndani kabisa, umeng'ang'ania shina. Sauti ya mzee humo ilikuwa imepungua nguvu, na kabla ya kila hodi palisikika fimbo ikigonga ngazi.

"Leo sikumfuata yeye," alisema mzee. "Nimekufuata wewe, mwanangu. Siku ile nilikukosea. Nilisema upuuzi mbele za watu, na tangu hapo sina raha. Niwie radhi."

Shangazi akaacha kupukutisha. Chiriku naye aliishusha mikono, lakini udongo uliendelea kumeguka wenyewe.

"Nimesikia, mzee," alijibu fundi.

"Basi, Chiriku..."

"Hayupo."

Kutoka mbali, ndani ya nyumba ile, ikasikika sauti ya mwanamke akiimba huku vyombo vikigongana. Wimbo ukakatika. "Nani huyo?" ikauliza ile sauti, na ilikuwa sauti ya Chiriku mwenyewe.

"Mtu kapotea njia," fundi akamjibu. "Namwelekeza."

"Mpe maji basi, jua kali."

Mlango ukafungwa taratibu. Mzee hakuita. Alipumua, kisha akauinamia mmea kama kawaida yake. "Nimemsikia," aliuambia. "Mzima wa afya, anaimba. Inatosha."

Fimbo ikashuka ngazi, na udongo ukawa umekwisha.

Chiriku alibaki ameushika mmea hewani kwa shina, mizizi ikining'inia. Alitaka kulia. Machozi hayakuja. Alijaribu kuikumbuka siku ile, akaikosa. Ilikuwa siku ya mapumziko kama nyingine zote, aliosha vyombo, mtu akapotea njia.

"Jioni ile alirudi akasema amekusikia," alisema shangazi. "Alikula vizuri, jambo ambalo hakuwa akilifanya tena. Sisi tulimwambia aache kujidhalilisha, mtoto mwenyewe amemkataa."

"Sikujua, shangazi."

"Naona hukujua." Shangazi alikunja pembe za magazeti, udongo ukakusanyika katikati. "Lakini nimekuchukia muda mrefu, mwanangu, na chuki si kikombe, useme unakiweka mezani. Nipe muda."

"Nasafiri wiki hii."

"Basi ndiyo hivyo."

Shangazi alitoka nje na ule udongo, akaumwaga karibu na bomba, palipokuwa na shimo. Ulikuwa udongo tu sasa, akaukanyagakanyaga ushikane.

Chiriku alirudi nyumbani jioni. Mumewe alikuwa amemaliza kufunga masanduku, na chakula kilikuwa mezani kimefunikwa.

"Aliomba radhi," Chiriku alisema.

"Najua."

"Uliniambia hakuomba."

Fundi aliivuta kamba ya sanduku, ingawa ilikuwa imeshakazwa. "Alipoomba, nikaona nikimkaribisha itabidi nikueleze na zile siku nyingine zote. Nikashindwa."

Njiani Chiriku alikuwa ameandaa sentensi moja: hutasafiri na mimi. Ilikuwa fupi, na yeye hakuwahi kukosa maneno tangu azaliwe. Alifungua kinywa, sentensi ikakaa pale pale kooni. Alijaribu tena asubuhi iliyofuata, na siku ya safari akaijaribu kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Wenzake wa wodini waliokuja kumsindikiza walimwona kimya, wakasema ni uchungu wa kuondoka. Afisa wa ukaguzi aliigeuzageuza mizizi chini ya taa.

"Mitupu kabisa," alisema. "Wangefanya wote hivi." Akagonga mhuri, na fundi akalibeba boksi la mimea kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa.

Huko walikofika, Chiriku alinunua udongo wa dukani. Uliuzwa kwenye mfuko uliofungwa na haukuwahi kukaa nyumbani kwa mtu. Alipanda mimea yake, akaipanga sebuleni. Tangu siku hiyo fundi hakusema neno ndani ya nyumba. Akitaka kupiga simu alitoka nje kwenye korido, na akiwa na haja ya kitu alionyesha kidole. Jirani wa mlango wa pili aliliona hilo, akamwambia Chiriku ana bahati, waume wapole wameadimika.

"Ni mpole," alijibu Chiriku.

Sauti yake ilimrudia hivyo, kidogo kidogo. Siku moja, wakiwa wanakula chakula cha mchana, alisogeza kiti chake karibu na mmea wa majani mapana, akauinamia, akaanza kuusimulia. Alianza na hodi ya kwanza. Alitia kikohozi mahali pake na mvua mahali pake, na alipofika kwa baba yake aliigiza sauti ya baba yake kadiri alivyoweza. Fundi alikuwa upande wa pili wa meza. Hakuinuka. Maneno yalipofika kwenye mtu aliyepotea njia, aliacha kutafuna.

Kisha akameza, akanyoosha kidole kwenye jagi la maji. Chiriku alimsogezea, akaendelea pale alipokuwa ameachia.