Kamera ya Waya wa Njano

"Hii megapikseli tano, Bi Mwanamwema. Tano! Hiyo uliyoishika mbili tu, ya kuchezea watoto."

Anwarali aliipangusa ile ya rangi ya fedha kwa kitambaa, akaiweka juu ya kioo cha kaunta kama kwamba kashaiuza. Mwanamwema aliitazama bila hamu. Tangu asubuhi anazunguka maduka ya Darajani, na kila muuzaji wimbo wake mmoja: megapikseli, megapikseli. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka kupiga picha za nini.

"Kadi yake iko wapi?"

"Kadi mbali, unanunua."

"Na betri?"

"Ya kwake mwenyewe, ya kuchaji. Ikifa tutakuagizia Dubai."

"Basi unaniuzia gamba! Nikishanunua kadi na betri ya akiba, nitakuwa nimebakiwa na nini? Sanduku?"

Anwarali alicheka. Mwanamwema hakucheka. Pesa zilizokuwa mkobani ni za kamera yake ya filamu aliyoiuza, na nyengine hazikuwepo.

Mwanamwema alikuwa mpiga picha wa harusi za kina mama. Siku ya hina, mlango ukishafungwa na mabuibui yakishatundikwa misumarini, yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuinua kamera, kwa kuwa ni mwanamke mwenzao. Lakini filamu husafishwa studio, na studio wamo wanaume. Mwaka uliopita studio moja ikachukua picha ya bi harusi wa Kidichi, kichwa wazi, mabega wazi, ikaitundika dirishani kuvutia wateja. Wa kwanza kuiona alikuwa kaka yake bi harusi. Toka hapo Mwanamwema hakuitwa tena popote. Aliapa kwamba si yeye, akachoka kuapa. Kilichomkera zaidi ni kwamba studio ile mpaka leo inajaa watu.

Sasa Bi Kawthar wa mtaa wa Malindi alikuwa anamuoza binti yake, Maha, na hina ilikuwa kesho. Alimwita Mwanamwema, akampa sharti moja: "Njoo. Lakini picha za mwanangu zisiguswe na mwanamme. Zikiguswa, usikanyage tena kwangu wala kwa mtu yeyote nnayemjua." Na Bi Kawthar alimjua kila mtu.

"Nikishapiga na hii," Mwanamwema aliinyanyua ile ya fedha, "picha nazitoaje?"

"Unaniletea kadi, nnakutolea hapa hapa. Mashine mpya."

"Anazitoa nani?"

"Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!"

"Lahaula!" Aliirudisha juu ya kioo kwa kishindo. Jua lote lile, miguu yote ile, na mwisho wake ni ule ule: mwanamme amekaa nyuma ya mashine. Alitamani kulia kwa hasira, mbele ya Anwarali na megapikseli zake.

Akaivuta ile ya kuchezea watoto. Ilikuwa nene, inatumia betri za saa ya ukutani, na kadi yake ndogo imo ndani. Kwenye sanduku kulikuwa na waya wenye ncha ya njano.

"Na huu?"

"Wa kuchomeka kwenye televisheni. Hakuna anayeutumia huo."

"Picha zinaonekana humo?"

"Zinaonekana, lakini mbili tu hizo, Bi Mwanamwema, ukizikuza..."

"Hebu nyamaza kidogo. Nionyeshe zinavyofutwa."

Kesho yake, ngoma ilipotulia na kahawa ikawa inazunguka, aliuchomeka ule waya kwenye televisheni ya Bi Kawthar. Maha akatokeza kiooni na hina yake mikononi. Vigelegele vikapasua nyumba.

"Mimi huyo? Mashavu hayo!" alisema Maha.

"Rudisha, rudisha!" alipiga kelele Shaista, jirani yao. "Hapo nilifumba macho makusudi!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Mwanamwema akacheka nao.

"Sasa za karatasi lini?" aliuliza Maha.

Kicheko kikakatika. Mwanamwema akaeleza: karatasi ni dukani, na dukani yumo Anwarali. Bi Kawthar aliweka kikombe chini.

"Zifute."

"Mama!"

"Zifute hapa hapa, nnaona kwa macho yangu."

"Bi Kawthar, kutwa nzima niko juu ya miguu kuzipiga hizi."

"Na haki yako utapata. Zifute."

Akafuta. Kila picha ilikaa kiooni kidogo, wanawake wakaiomba ingoje, kisha ikatoweka. Katikati ya kufuta, Shaista alimwinamia sikioni: "Harusi ya mdogo wangu mwezi ujao. Uje na hii hii." Mwaka mzima Mwanamwema alikuwa akisubiri maneno hayo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Ikabaki ya mwisho. Aliiiba bila ya mwenyewe kujua: Bi Kawthar anamfunga Maha kikuba, kishada cha maua ya asumini, mtandio umemwanguka mabegani, anacheka kwa meno yote. Hakuna chumbani aliyewahi kumwona Bi Kawthar hivyo.

Kidole cha Mwanamwema kilikuwa juu ya kitufe. Alimtazama mwenye nyumba, akingoja.

Bi Kawthar hakusema futa, hakusema wacha. Alinyanyuka, akakivuta kiti chake, akakaa karibu na televisheni, akajitazama.