Herufi Pana na Kitambaa Chekundu

Mjukuu wangu alinifundisha kazi yake kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha, na mimi nikajifunza kwa sababu nilishachoka kugombana na kuku wa jirani. Nilisoma shule ya msingi tu, tena nikiwa wa kukaa karibu na dirisha. Lakini kazi yenyewe haikutaka elimu. Ilitaka macho, na macho ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho hakijaomba kustaafu.

Kazi ni hii. Watu wa kompyuta wakiandika programu, halafu programu ikaumwa, wana chombo cha kuisimamisha katikati ya shughuli zake na kuichungulia tumboni: hapa umebeba nini, pale umeficha nini. Wao wanakiita debaga. Mimi nilikiita Mpelelezi. Kampuni ya mjukuu wangu ilikuwa inatengeneza Mpelelezi mpya, na yeye alipewa kumpima upande wa herufi pana. A yako na B yako ni herufi nyembamba, kila moja inatoshea kitanda kimoja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ila duniani kuna watu wanaoandika kwa herufi ambazo kitanda kimoja hakizitoshi. Zinataka viwili, nyingine zinataka vinne. Mpelelezi mjinga anachungulia kitanda cha kwanza, anaona mguu, anatangaza kwamba amemwona mtu.

"Kwa hiyo tunamzuia asiwe mmbea," nilimwambia.

"Hapo hapo, mke wangu. Tunaweka kitu tunachokijua sisi, halafu tunamuuliza yeye anaona nini. Akikosea, tunarudia. Kosa la mara moja linaweza kuwa bahati mbaya."

Mke wangu ndiye mimi. Mimi na yeye tulioana kwa utani tangu hajajua kufunga vifungo, na hiyo ni ndoa isiyo na talaka.

Macho yake ndiyo yaliyokuwa yanataka talaka. Presha ya macho, ile ile iliyommaliza macho mama yake, binti yangu, kabla maradhi mengine hayajaja kumchukua yeye mzima. Mimi iliniruka, sijui ilinidharau. Jicho lake la kushoto lilizimika akiwa bado chuoni. La kulia lilibaki na mwanga kama wa mlango ulioachwa wazi kidogo: dirisha liko wapi anajua, mtu akipita anamwona kama moshi, rangi kali anaitambua. Daktari alimpa dawa ya matone na onyo, nikiwa nimekaa pale pale.

"Ukiona mwanga umepungua ghafla, uje siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo. Hapo tunaweza kuokoa kilichobaki."

Kazini hawakujua. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na ripoti ya herufi pana ndiyo ingeamua kama anabaki au anaaga. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyosukumwa ukutani kati ya kabati la vyombo na kitanda changu. Kibodi aliijua kwa vidole. Kompyuta ina sauti ya kumsomea, lakini sauti ile hutamka kilichohifadhiwa ndani; haijui kilichochorwa kwenye kioo kimetoka kizima au kimetoka bila kichwa. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa na karatasi yenye herufi kama zinavyotakiwa kuwa. Yeye anasimamisha programu, Mpelelezi anaonyesha alichokiona, mimi nalinganisha.

"Haya, Bibi."

"Huyu ni mwanamke mwenye mzigo kichwani. Kwenye karatasi ana mzigo, hapa ana mzigo."

"Anayefuata."

"Mbu aliyepigwa ukutani. Mzima."

"Mbu aliyepigwa anakuwaje mzima?"

"Muulize aliyemchora. Mimi ni karani tu."

Alicheka mpaka akashika meza. Tulikuwa na siku nzuri, sitaki uzifute kwa sababu ya zitakazofuata.

Basi akaanza mchezo mpya. Kila asubuhi nikitoka bafuni ananiuliza, "Mke wangu, leo umefunga kitambaa gani?" Nikimwambia cha bluu, baada ya muda anasema, "Hicho cha bluu kinakufanya uonekane msichana." Nikimwambia cha njano, anasema jirani atatafuta miwani ya jua. Nami, mzee mzima, nikawa natumia muda kwenye kioo. Wanawake hatuponi ugonjwa huo.

Asubuhi moja uchokozi ukanishika. Nilikuwa nimefunga chekundu, chekundu cha kutisha ng'ombe.

"Leo umefunga gani?"

"Kijani," nikasema, nikajiandaa kuitwa mwongo.

Akageuza uso upande wangu, akanitazama vizuri kabisa. "Kijani kimekukaa, mke wangu. Kama jani la mvua."

Nilianza kucheka, nikaacha katikati.

Kosa la mara moja linaweza kuwa bahati mbaya, alinifundisha mwenyewe. Tukasoma herufi mpaka jioni, nami namtazama zaidi yeye kuliko karatasi. Alipokwenda kulala nilitupa macho kwenye chupa ya matone. Ilikuwa imejaa.

Kesho yake aliponawa uso, nilivua kile chekundu nikakitandaza juu ya skrini, kikafunika kioo chote. Dirisha liko wazi, jua limeingia mpaka mezani, kitambaa kinawaka kama moto. Nikakaa kwenye kiti changu nikaomba anitukane. Nilitamani aseme, Bibi, ondoa uchafu wako hapa.

Alikuja, akapapasa kiti, akakaa. Akawasha. Akaelekeza uso wake kwenye kitambaa.

"Leo kioo kinang'aa vizuri," akasema. "Tuanze na ile ya vitanda vinne, Bibi. Imebaki hiyo tu."

"Kitambaa changu kiko juu ya kioo," nikamwambia.

Vidole vyake vilisimama. Akanyoosha mkono taratibu, akakigusa, akakivuta kikaanguka mapajani mwake.

"Chekundu?"

"Na jana kilikuwa hicho hicho."

Akakikunja. Akakikunjua. "Ulinipima."

"Nimefundishwa na mtaalamu. Tangu lini?"

"Siku ile ulipomwaga sukari. Nilidhani umeme umekatika. Nikakusubiri uulalamikie, hukulalamika."

Siku ya sukari ilikuwa imeshapita zamani, mpaka sisimizi walishaisahau. Nilisimama nikachukua pochi yangu. "Inuka twende kwa daktari."

"Bibi, ripoti inatakiwa leo. Nikienda watanilaza. Nikilazwa nimeachishwa. Mwanga umeshakwenda, leo au kesho tofauti yake nini?"

"Hiyo aseme daktari. Wewe daktari?"

"Na wewe?" Sauti yake ilipanda, sijawahi kuisikia hivyo. "Unataka nini? Nikae hapo kitandani unilishe kwa kijiko kama mama? Nina kazi hii tu. Kaa chini unisomee!"

"Sisomi."

"Bibi."

"Sisomi. Macho ni yangu."

Nje mtu alikuwa anapiga msumari, anapumzika, anapiga tena. Mjukuu wangu akasema kwa sauti ndogo, "Ni herufi moja imebaki na mitihani yake. Ikiwa nzima, naandika mstari mmoja, tunaondoka. Naapa."

Nikakaa. Akabonyeza. Nikatazama karatasi: herufi yenyewe ilikuwa kubwa, imejaa mistari, kama nyumba yenye watu wengi madirishani. Nikatazama kioo. Palikuwa na vijisanduku viwili vitupu.

Mpelelezi alikuwa ameikata katikati, akachungulia kila nusu peke yake, asione mtu.

"Umeona nini, Bibi?"

Ulimi uliniwasha. Neno moja tu, nzima, na tungekuwa barabarani. Ripoti ingekwenda na uongo wangu, na siku wakigundua angefukuzwa, lakini angekuwa ameshafika kwa daktari. Alikuwa amenigeuzia sikio, mdomo umefunguka kidogo kama mtoto anayesubiri dawa. Angeamini chochote. Mtu aliyeamini kijani, unamdanganyaje mara ya pili?

"Vijisanduku viwili," nikasema. "Vitupu."

Akashusha pumzi. Uso wake ulichangamka, Mungu anisamehe, ulichangamka kama wa mtu aliyeokota kitu. "Viwili? Una hakika? Bibi, hilo hakuna aliyeliona. Kampuni nzima!"

"Sasa inuka."

Hakuinuka. Kosa lazima lirudiwe. Lazima lijaribiwe kwa lugha hii na ile, kwa kitanda cha ukubwa huu na ule, ili wenye Mpelelezi wajue pa kukarabati. Nikasoma haraka kuliko nilivyowahi kusoma, bila utani, kwa kuwa kusoma ndiko kulikokuwa njia fupi ya kufika mlangoni. Viwili vitupu. Nzima. Viwili vitupu. Jua lilihama mezani likapanda ukutani. Alipotuma ripoti nilimvuta mkono hata viatu hajafunga.

Daktari alimwinamisha kichwa, akammulika kwa kurunzi ndogo. Akasogeza kurunzi huku na huku. Jicho lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa, na halikufuata kitu.

"Mngekuja siku ile ile," daktari alisema, kisha akazima kurunzi na kuanza kuandika. Nilimuuliza kama asubuhi ya leo ingesaidia. Alisema, "Mama, sijui." Nimekuwa nikiligeuza jibu hilo kama mkaa wa moto, sipati upande wa kulishikia.

Hawakumlaza. Hapakuwa na cha kulazia.

Bosi wake alipiga simu tukiwa tumesharudi mezani. Ni mwanamke anayesafisha koo kabla ya kila neno zuri, kana kwamba linamkwaruza. Siku hiyo alisafisha koo sana. Alisema kosa lile wengine wote wamelipita wakiwa na macho yao mawili. Alisema kazi ni yake, majaribio yameisha.

"Sasa njoo ofisini Jumatatu," akasema. "Uwaonyeshe wenzako kwenye skrini kubwa, uwaelekeze kwa kidole, ulionaje."

Mjukuu wangu alishika simu kwa mikono miwili.

"Nitakuja," akasema.

Simu ikakatika. Akabaki ameinua uso, anatabasamu kuelekea kwenye kabati la vyombo, ambako hapakuwa na mtu.

"Mke wangu," akaliambia kabati. "Jumatatu utafunga kitambaa gani?"

Nilinyanyua kiti changu kisikwaruze sakafu, nikakiweka mbele ya kabati, pale uso wake ulipoelekea. Nikakaa. Ndipo nikamjibu.

"Chekundu," nikasema. "Nimekifua. Kiko kwenye kamba."