Asilimia Tisini na Saba

Mwanangu hunipigia simu ya video kila Jumapili saa kumi na mbili jioni. Mimi saa kumi na moja na nusu tayari nimefuta vumbi la mbao mezani, nimefungua kompyuta aliyoniachia, nimekaa. Tangu mama yake afariki nyumba hii haina mtu wa kunicheka, kwa hiyo juu navaa shati safi na chini nabaki na kaptula ya kazi.

Tunaongea dakika kumi, zikizidi sana kumi na mbili. Halafu anasema, "Baba, chaji inaniishia," na kioo kinakuwa cheusi. Kazi yake ni ya safari safari, nikajua hana pa kuchomeka. Miaka miwili nimeilaumu betri.

Jumapili iliyopita nilikuwa na neno. Kuna mtu alitaka kununua karakana yangu ya useremala, na kesho yake asubuhi alikuwa anakuja kuchukua jibu. Magoti yangu yamechoka, na watu siku hizi wananunua viti vya plastiki. Lakini kwenye benchi ya humo mwanangu alijifunza kupiga randa akiwa bado anasimama juu ya kopo la rangi ili aifikie. Nilitaka aniambie, "Usiuze, baba, nitarudi." Wiki tatu mfululizo neno hilo nililiweka mwishoni, na wiki zote tatu chaji ikaisha kabla sijalifikia.

Nikaona nianze kwa kujua hesabu ya chaji inasomwa wapi, ili nimuulize yake imebaki ngapi na nijue nina muda gani. Seremala hapimi kwa macho.

"Wewe bwana mkubwa," nikamwambia alipopiga, "hii yangu hainiambii betri imebaki kiasi gani. Inaonyesha kipicha tu, kama kiberiti."

Akacheka. "Baba, wewe na hiyo kompyuta mtauana."

"Mimi nataka namba."

"Tufanye wiki ijayo. Leo chaji yangu imebaki kidogo sana."

"Kwani ni kazi ya siku nzima?"

Akashusha pumzi. "Haya. Nakuonyesha kwenye kioo changu, wewe fuatisha."

Uso wake ukaondoka, ikaja picha ya kompyuta yake. Kishale kikatembea: mipangilio, kisha umeme na betri, kisha kitufe cha kuonyesha asilimia. Alieleza taratibu, bila kunikaripia.

"Ukibonyeza hapa, baba, namba inatokea kule chini pembeni."

Ikatokea. Tisini na saba, na alama ya plagi ubavuni mwake.

Kishale kikasimama.

"Tisini na saba," nikasoma.

"Baba..."

"Na imechomekwa."

Uso wake ukarudi. Nyuma yake kulikuwa na kitanda kimetandikwa na soksi zimeanikwa dirishani. Hakuwa safarini popote.

"Si kwamba sikutaki, baba," akasema. "Nakosa la kusema. Unaniuliza kazi, nasema nzuri. Unaniuliza mvua, nasema imenyesha. Basi, tumemaliza."

"Leo mimi ninalo. Nauza karakana. Mtu anakuja kesho."

Akajikuna shingo. Nikamwacha ajikune.

"Uza tu, baba. Upumzike."

"Wewe huitaki?"

"Hapana. Niliogopa kukuambia."

Jibu lilikuwa nyoofu, na mimi ndiye niliyeuliza. Nikasema sawa. Naye akasema sawa.

Nikangoja akate, na nadhani yeye alingoja nikate mimi. Akauliza ule msumeno mkubwa nitaupeleka wapi. Nikamwambia sijui. Tulikaa hivyo, mimi natazama kioo, yeye anatazama mikono yake, mpaka chumba chake kikaanza kuwa giza. Akanyanyuka kutafuta swichi ya taa. Mimi nikabaki nakitazama kiti chake kitupu mpaka aliporudi.