Kivuli cha Nyaya za Stima

Asubuhi moja ya kiangazi, mwanzoni mwa mwaka 1974, Alaso alitua karai la muhogo mkavu mbele ya mashine ya kusaga ya Opolot, pale Malaba, nyuma ya uwanja wanapolala madereva wa malori. Mlango ulikuwa na kufuli. Opolot mwenyewe alikuwa amekalia pipa tupu, akichokoa meno.

"Dizeli haijafika, mama," akasema. "Redio inasema dunia nzima iko hivyo. Jaribu wiki ijayo."

"Na mpaka wiki ijayo nikule nini?"

"Hata mimi nakula viazi."

Alaso akajitwika tena karai lake akarudi nyumbani, upande wa Kocholia, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Hakukasirika sana. Alikuwa na kisiagi cha mkono, cha chuma, alichoachiwa na marehemu mumewe Ekisa. Tatizo lilikuwa kwamba kisiagi hicho kilizunguka kwa shida kama gari lililokwama matopeni, na miaka ya kukizungusha ilikuwa imemshusha bega la kulia, hata nguo zote zikawa zinamkaa upande.

Alikitoa nje akakifunga kwenye gogo, katikati ya uwanja. Juu yake zilipita nyaya za stima. Zilitoka Uganda, zikavuka mpaka bila kusimama kwa watu wa forodha, zikaruka kutoka mnara mmoja wa chuma hadi mwingine kuelekea Nairobi. Mahali pale zilikuwa zimepinda kidogo kukwepa kinamasi, kwa hiyo kivuli chake asubuhi kiliangukia upande wa Alaso, na jua likishapita utosi kikahamia kwa jirani yake, Mzee Oriokot. Miaka yote hiyo kivuli kilikuwa kikihama hivyo na hakuna aliyekijali. Kilikuwa chembamba mno, hata kuku hakukipumzikia.

Alaso alitia vipande vya muhogo, akashika mpini, akajiandaa kuumia. Kivuli cha waya mmoja kikapanda juu ya gogo, kikagusa chuma. Mpini ukaanza kuzunguka. Akatoa mkono, nao ukaendelea. Alisimama akiutazama kidogo, kisha akaenda mbio kuleta muhogo uliobaki, maana kisiagi kilikuwa kinazunguka bure.

Kufikia saa nne karai lote lilikuwa unga, laini kuliko wa Opolot. Kila kivuli kiliposogea, Alaso alisogeza gogo. Ulipofika wakati wa kivuli kuruka ua wa mkonge na kuingia kwa Oriokot, mpini ulisimama. Alipika, akala, na baada ya kula akalala kidogo mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Jirani zake walisikia chuma kikilia wakaja. Hakuna aliyeuliza mengi. Mildred, aliyekaa karibu na kinamasi, alisema tu, "Kumbe kivuli nacho kina nguvu," akaenda kuleta wimbi wake. Kila mama aliacha bakuli moja la unga kwa Alaso, naye Alaso akawa anapeleka unga huo Malaba, kwenye mikahawa wanayokula madereva na matanboi, wasaidizi wao. Wenye mikahawa walikuwa wamekosa unga kabisa tangu Opolot afunge. Walimpokea kama mgeni wa harusi.

Shida ilikuwa mchana. Foleni ilikuwa ndefu, na wanawake wa mwisho walirudi na nafaka zao, kwa sababu kivuli kilikuwa kimeshavuka ua. Na kwa Oriokot, Alaso hakuwa akikanyaga. Mbuzi wa mzee huyo walikuwa wamewahi kula kunde zake zote, na alipokwenda kulalamika aliambiwa kwamba mbuzi hawajui mpaka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana njiani, kila mmoja alianza kutafuta kitu mfukoni.

Alivumilia hivyo mpaka siku moja Mildred alipofika amechelewa, mtoto mgongoni, akakuta mpini umesimama. Aligeuka tu na kikapu chake kwenda zake. Alaso akamtazama mpaka akapotea kwenye majani, kisha akafungua kisiagi kwenye gogo, akakibeba begani, akapita kwenye ua wa mkonge.

Oriokot alikuwa ameinama kwenye shamba la vitunguu, anamwagilia kwa kopo. Zamani alifanya kazi kwenye reli, na magoti yake yaliachwa huko. Nusu ya vitunguu ilikuwa imeshakauka.

"Yoga, mzee," Alaso akamsalimu kwa Kiteso.

Oriokot akanyooka polepole. "Yoga. Leo umepotea njia?"

"Nimefuata kivuli."

"Nimesikia. Mchana kiko kwangu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akaangalia kisiagi, akaangalia vitunguu. "Zile kunde," akasema, "nilifungua mbuzi mimi mwenyewe. Nyasi ilikuwa imeisha."

"Nilijua."

"Basi weka hapo. Lakini na mimi niko na bomba."

Alikuwa na bomba la maji la mkono, alilolileta kutoka Tororo alipostaafu, na ambalo magoti na mgongo wake vilikuwa vimelishinda. Nyaya zilikuwa tatu, kwa hiyo vivuli vilikuwa vitatu. Waliweka kisiagi kwenye cha kwanza na bomba kwenye cha pili, pale kilipokata kijito. Bomba likakohoa mara kadhaa, likatema chura mmoja, kisha likatoa maji. Yaliingia kwenye mtaro, yakafika kwenye vitunguu kabla Oriokot hajamaliza kuvua viatu. Mzee alisimama kwenye matope akicheka peke yake, na Alaso akagundua kwamba hakuwahi kusikia kicheko chake, ingawa walikuwa wamekaa jirani nusu ya maisha yao.

Mwaka huo Oriokot aliuza vitunguu na nyanya katikati ya kiangazi, wakati Malaba nzima haikuwa na nyanya. Mildred alipanda sukuma wiki kwenye mtaro. Alaso alinunua baiskeli, akajifunza kuiendesha akiwa mtu mzima, akaanguka, akaendelea. Bega lake lilipanda taratibu mpaka likalingana na mwenzake. Siku za mawingu hakuna kilichozunguka, na watu walipumzika bila kulaumu mtu.

Mvua ndefu zilipokwisha, gari la mkaguzi wa nyaya likaingia. Alikuwa kijana mpole wa Nambale aitwaye Protus Bwire. Alikitazama kisiagi, akalitazama bomba, akaandika kitu.

"Hii si mara ya kwanza," akasema. "Huko mbele kuna fundi, kivuli kinamrandia mbao. Hakuna sheria ya kivuli, mama. Endeleeni tu."

Roselyn, muuguzi wa zahanati ndogo iliyojengwa chini ya nyaya hizo hizo, alikuwa amekuja kusaga. Akaweka kikapu chini.

"Boss, kivuli tunashukuru. Lakini mimi nazalisha watu na karabai. Mafuta ya taa nayo imepotea. Si mtushushie waya moja tu?"

"Hiyo stima ni ya kwenda Nairobi, dada. Hapa inapita tu."

"Inapita juu ya kitanda cha wazazi."

"Najua. Kuishusha inataka mashine kubwa ya kupunguza nguvu, na hiyo haiko kwa mpango."

"Mpango huwa unaandikwa na nani?" akauliza Alaso.

"Wakubwa wa Nairobi."

"Na wao wako na stima?"

"Wako nayo."

Walimpa Protus ugali wa wimbi na kuku, akala vizuri, akaahidi kufikisha maneno yao. Na aliyafikisha, maana mwaka uliofuata yalikuja malori yenye chuma na saruji. Mafundi walikaa wiki kadhaa, wakila nyanya za Oriokot, wakasimamisha minara mipya sambamba na ile ya zamani. Roselyn alipaka chokaa ukuta wa zahanati kujiandaa. Siku ya mwisho mafundi walikaza nyaya, wakapanda malori yao, wakaondoka. Laini ya pili nayo ilikuwa ya kwenda Nairobi.

Watu walifurahi hata hivyo, kwa sababu vivuli sasa vilikuwa sita. Vitatu vipya viliangukia zahanati kwa kupokezana tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuwa jekundu, vikachemsha vyombo, vikazungusha feni, vikawasha taa juu ya kitanda. Jua lilipozama, taa ilizima, na nyaya zikaendelea kuvuma juu ya paa. Roselyn akaanza kuwaambia wajawazito wajitahidi kuzaa mchana.

Wengi walijitahidi.