Hadi Ithibitishwe Vinginevyo

Saa nne asubuhi, mhariri wa taarifa za vita alikuwa akichovya mkate kwenye chai, jicho moja likiwa kwenye orodha ya waliouawa jana. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, ila hujiita "yeye". Anasema ni rahisi kumcheka mtu asiyekuwapo.

Kazi yake ilikuwa kupanga wafu: huku raia, huku wapiganaji. Wanawake, watoto na wazee wasiojiweza walikuwa raia. Mwanamume yeyote awezaye kunyanyua gunia alikuwa mpiganaji, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni hiyo aliitunga yeye. Ilimpatia cheti cha lugha fasaha, akakitundika juu ya meza na kukipangusa vumbi kila Jumatatu. Kichwa kilimvimba hata kofia zikamkataa.

Leo orodha ilikuwa na wanaume tisa wa kiwanda cha mikate. Wa nne alikuwa shemeji yake, mwoka mikate, mume wa dada aliyemlea. Jina aliliona. Akaweka tiki kwenye "mpiganaji", kwa sababu shemeji aliweza kunyanyua gunia, tena mawili.

Kabla hajamaliza chai, wale tisa wakaingia, wakapanga foleni. Unga ulikuwa bado mikononi mwao. Mfagiaji aliwaomba wakakung'ute miguu mlangoni, wakarudi wakakung'uta.

"Shemeji," akasema mwoka mikate, "nimekuja kuthibitisha vinginevyo."

"Karibu. Umekuja na shahidi?"

"Si mimi hapa?"

Mhariri aliona aibu, lakini aibu yake siku zote ilikuwa na adabu. Ilisubiri kwanza atie saini. Akapeleka faili kwa mkuu. Mkuu, bila kuinua macho, alisema ushahidi wa marehemu juu ya nafsi yake haufai, maana ana maslahi. Isitoshe, neno raia lilishatumika mara mbili wiki hii. Wote tisa wakapewa benchi.

Mchana dada akaja na shati jeupe lililopigwa pasi. Mwili wa mpiganaji hautolewi mochari. Bila lile neno "raia", asingeweza kumzika mumewe. Alimkuta kwenye benchi, akamwambia amechafuka, akaketi kando yake, shati mapajani.

"Neno moja tu, mdogo wangu. Sikuombi figo."

"Ni utaratibu, dada."

"Nani kauandika?"

Mhariri akatazama cheti, kisha viatu vyake. Alimpenda dada huyu kuliko mtu yeyote duniani, na bado aliogopa kazi isije ikaota mbawa. Kumbe uzalendo wake wote ulikuwa woga uliofungwa tai. Akanywa chai iliyopoa.

"Hata shuleni ulikuwa hivyo hivyo," dada akasema. "Unaogopa mpaka kengele."

Shemeji akacheka kidogo, unga ukamwagika sakafuni. Mfagiaji akaja akauzoa.

Jioni taarifa ikawa tayari: wapiganaji tisa wameangamizwa, hakuna raia aliyedhurika. Mhariri akaisoma mara ya mwisho, akaona koma moja imesahaulika, akainuka kuipeleka kwa mpiga chapa. Dada alikuwa bado pale, akifunga vifungo vya shati lisilo na mtu. Wafu tisa wakakunja miguu ili apite.

Akawaambia asanteni. Dada ndiye aliyemfundisha kusema asante.